Miezi Mitatu Mkononi: Nani Alipe Bei ya Kutojulikana?

Mtu akiomba chumba cha kupanga, akaambiwa alete kodi ya miezi mitatu kwa mara moja kabla hajalala humo hata usiku mmoja, zile pesa ni malipo ya kitu gani? Ndiyo swali ninalotaka tulifikirie pamoja, ndugu msomaji. Hesabu yake hapa Kansanga tunaijua wote, hata watoto wetu wanaijua. Mimi nauliza habari ya haki. Watu wawili wasiojuana wakikutana mlangoni, hatari ya kutojuana kwao inapaswa kubebwa na nani: mwenye nyumba au mpangaji? Na kama mpangaji hana nguvu ya kuibeba, sisi majirani zake na wenzake wa kikundi tunadaiwa nini?

Nauliza kwa sababu kazi yangu ni ya vijana. Tunacheza mpira, tunafundishana Kiingereza na ushonaji, tunafanya mikutano. Lakini ukikaa sana na vijana wa miaka kumi na nane hadi ishirini na tano, unaona mazungumzo mengi yanaishia kwenye jambo moja. Mkutano ukiisha, mmoja anabaki nyuma anapanga viti polepole, halafu anasema: "Yaya, natafuta chumba. Unajua mtu?" Hasemi "natafuta pesa." Anauliza kama namjua mtu. Ukiliangalia vizuri, jibu la swali langu limekwisha kuanza hapo.

Tuweke hesabu mezani kwanza, tusije tukazungumza hewani. Chukua mfano wa chumba kimoja, kile ambacho Kampala wanakiita muzigo. Mganda akisema muzigo, ana maana ya chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kupangisha. Sisi tukilisikia tunasikia mzigo wa kichwani. Nadhani kila mmoja ana haki yake hapo.

Chumba ni cha shilingi 200,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi 3 ya mbele ni 600,000. Broka anataka ya mwezi mmoja, 200,000, na kabla ya hapo ameshakutoza 20,000 ya kukutembeza, upende usipende ulichoonyeshwa. Barua ya LC wa kule unakotoka na kujiandikisha kwa LC wa huku unakoingia, weka 20,000. Pikapu ya kubeba godoro, jiko na masufuria kutoka Katwe, 50,000. Kufuli mpya, balbu, na umeme wa Yaka wa kuanzia, 30,000. Jumla ni 920,000. Yaani chumba ni cha laki mbili, lakini mlango wake ni wa laki tisa na elfu ishirini.

Sasa mtazame kijana anayesuka nywele Kabalagala, au anayetembeza vitenge, akipata tuseme 300,000 katika mwezi mzuri. Akishirikiana na mwenzake, chumba hicho wanakimudu. Kila mmoja atatoa laki moja kwa mwezi, watakula, wataishi. Kukaa ndani wanaweza. Kinachowashinda ni kuingia. Na kwa sababu kuingia kunawashinda, wanalala loji ya shilingi 15,000 kwa usiku "kwa siku mbili tatu tu." Siku mbili tatu zinakuwa mwezi, mwezi unakuwa 450,000. Wanalipa zaidi ya mara mbili ya kodi, na bado hawana nyumba wala kiberiti chao wenyewe. Wanachokosa hawa ni pesa za mkupuo, maana zile ndogondogo zinawapitia mkononi kila siku. Watu wa nje wakituona tunalipa loji wanasema hatujui kupanga maisha. Wenye kusema hivyo hawajawahi kuombwa miezi mitatu wakiwa na mfuko wa siku tatu.

Basi zile 600,000 ni za nini? Wengine wanadai zote kama kodi ya mbele, utaila polepole ukikaa. Wengine wanagawa: miezi miwili ya kodi na mmoja wa dhamana, ambao utarudishiwa siku ya kutoka, kama utarudishiwa. Huku tunaiita dipoziti, wazee wetu kule Congo wanaiita garanti. Kwa vyovyote vile, mwenye nyumba anashika mkononi pesa za siku ambazo mpangaji hajaziishi. Maana yake mpangaji amemkopesha mwenye nyumba. Yule asiye na kitanda amemkopesha yule mwenye vyumba sita, bila riba, bila maandishi, na bado anamshukuru. Ukilitazama hivyo, jambo linaonekana limegeuzwa kichwa chini.

Hata hivyo sitaki kuandika makala ambayo ndani yake mwenye nyumba ni shetani. Nawajua wengi wao. Wako matajiri wa maghorofa ya Muyenga, ni kweli, lakini wengi wa Kansanga ni watu wa kawaida. Ni mama mjane ambaye mume alimwachia vyumba vinne, na hivyo vinne ndiyo pensheni yake, ndiyo ada ya shule ya wajukuu. Mama kama huyo anaweza kuamka asubuhi akakuta chumba kiko wazi, mpangaji amehama usiku, deni la maji liko ukutani na kitasa kimeng'olewa. Atamtafuta wapi? Simu imezimwa. Na sisi wakimbizi tuseme ukweli wetu: kuna waliopata safari ya kwenda Marekani au Canada wakaitwa ghafla, kuna wanaorudi kambini, kuna wanaojaribu kurudi nyumbani wakisikia kumetulia. Mama yule akiogopa, hofu yake ina sababu. Mtu mwenye vyumba vinne akipoteza kodi ya miezi mitatu ya kimoja, ametikisika kweli.

Lakini mama huyohuyo, mtoto wa kaka yake akija kutoka Masaka kutafuta kazi, atampa chumba leo na kodi italipwa akipata mshahara. Na akija kijana asiye ndugu yake, ila ana mjomba Ggaba ambaye mama alisoma naye au anasali naye, atasema, "Lete mwezi mmoja tu, ssebo, mjomba wako namjua." Jina la mjomba limefanya kazi ya miezi miwili. Hapo ndipo tunaona kinacholipwa. Zile pesa zinasimama mahali pa mjomba. Mwenye watu anatoa jina. Asiye na watu anatoa pesa. Na sisi tuliokimbia, kitu cha kwanza tulichoacha nyuma, kabla hata ya nyumba na shamba, ni wale watu ambao majina yao yalitufungulia milango. Kule Bukavu baba yangu alikuwa akisema tu yeye ni mtoto wa fulani. Hapa jina hilo halina mlango hata mmoja.

Jambo hili ni la zamani. Wanaosoma Biblia watakumbuka Ibrahimu alipofiwa na Sara katika nchi ya watu. Aliwaambia wenyeji kwamba yeye ni mgeni anayekaa kwao, akaomba mahali pa kuzika. Maneno ya wenyeji yalikuwa mazuri sana, eti achukue tu, baina yao pesa si kitu. Lakini Ibrahimu hakuyaegemea maneno. Alipima fedha, shekeli 400, mbele ya mashahidi, langoni mwa mji. Mtu tajiri, mwenye mifugo na watumishi, lakini kwa kuwa ni mgeni alilipa yote siku hiyohiyo, na alihitaji watu wa kushuhudia. Mgeni hata wa kuheshimiwa hupimiwa fedha. Sisi wahenga wetu walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini mgeni anaombwa bei ya jembe siku ya kwanza, na shamba hajaonyeshwa.

Kwa hiyo nimefika kwenye jibu la nusu: dipoziti ni bei ya kutojulikana. Je, bei hiyo ni ya haki? Hapa naona lazima tutenganishe mambo mawili ambayo mlangoni yanavaa nguo moja. Kuna kulipia hofu, na kuna kulipishwa kwa sababu wewe ni dhaifu. Hofu ni jambo la haki kulipiwa, kwa kiasi chake. Udhaifu wa mtu si bidhaa.

Utayatenganisha vipi? Mimi nina kipimo kimoja. Punguza hatari, halafu tazama kama bei inapungua. Mpelekee mwenye nyumba risiti za miaka mitatu za kule ulikopanga kwanza. Mpelekee barua ya LC, kitambulisho chako cha mkimbizi, mtu wa kukudhamini mwenye duka lake hapo steji. Kama akisema, "Sawa, basi lete mwezi mmoja na nusu," huyo alikuwa anaogopa kweli, na hofu yake imepungua. Kama hata hageuzi macho kutazama karatasi zako, na bei ni ileile, hajali hatari. Ameona huna pa kwenda. Na kuna wale ambao kwenye simu, rafiki yako Mganda akiuliza, chumba ni 200,000, wewe ukifika ukasema "habari za mchana mama," kinakuwa 250,000. Lafudhi haivunji kitasa wala haikimbii na deni la maji. Ile 50,000 ni ushuru wa ulimi.

Mtu anaweza kuniuliza: sheria iko wapi? Sheria ipo. Uganda ilipata sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Inasema kodi iandikwe kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine, inazuia kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kule kwetu Congo, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 ilisema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3, kwa sababu Kinshasa watu walikuwa wanaombwa mingi kuliko hiyo, na wengi wanaendelea kuombwa. Ni sheria nzuri, na kila kijana wa kikundi chetu namfundisha haki zake. Ila haki nyingi kati ya hizo ni za aliye ndani tayari. Huwezi kufukuzwa nyumba ambayo hukuwahi kuingia. Mlangoni, pale ambapo watu wawili wanatazamana na mmoja ana ufunguo, sheria ni ndogo sana.

Wengine husema, na si Waganda tu, hata wenzetu: "Ulichagua mji mwenyewe. Kambini mkimbizi anapewa kiwanja, hakuna dipoziti." Ni kweli kwamba Nakivale au Kyangwali hakuna broka wa serikali, na ni kweli sheria ya wakimbizi ya 2006 inatupa uhuru wa kutembea na kuishi hata mjini, ila ukija mjini unajitegemea. Lakini naona hoja hiyo inachanganya kuchagua na kustahili. Msichana anayehitaji daktari bingwa, fundi wa simu ambaye hajui kushika jembe, mtu aliyekimbia maadui ambao anajua nao wako kambini: hawa hawakuchagua mji kama mtu anavyochagua rangi ya shati. Na hata aliyechagua kabisa, kuchagua mahali si kukubali kukamuliwa mahali hapo. Aliyepanda basi kwa hiari yake bado ana haki ya kurudishiwa chenji.

Sasa nije kwetu, maana kumlaumu mwenye nyumba ni rahisi, na kesho yake bado mtu analala nje.

Kila taifa lililoko Kansanga limejua zamani kwamba ugonjwa ni kukosa mkupuo, na kila moja lina dawa. Sisi Wacongo tuna kirimba, na wanaosema Lingala wanaita likelemba. Waethiopia na Waeritrea hapa barabara ya Ggaba wana equb. Wasomali wana ayuuto na hagbad. Mama za Kiganda wana nigiina. Mtanzania ataita upatu, Mkenya ataita chama. Kazi ni moja: watu wengi wenye kidogo cha kila wiki wanakubali kwamba kwa zamu mmoja awe na kikubwa. Ukifikiri, ni fundisho kubwa la maadili lililofichwa kwenye kopo la pesa. Wa kwanza kupokea amekopeshwa na wote. Wa mwisho kupokea amewakopesha wote. Kwa hiyo zawadi ya kweli katika kirimba haipo kwenye zile pesa. Ni mtu kukubali kuwa wa mwisho. Na swali gumu la kila kirimba ni nani awe wa mwisho.

Kikundi chetu cha vijana kina sanduku kama hilo, kwa ajili ya nyumba tu. Tuko 24, kila mmoja anatoa 5,000 kwa wiki, kwa mwezi wa wiki nne ni 480,000. Mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa mwezi wa kwanza, watu wapya walianza kutufikia, na siku moja sanduku liliitwa na watu wawili. Mmoja ni mama kijana mwenye watoto wawili, analala kwenye ukumbi wa kanisa na ameambiwa apishe. Wa pili ni msichana wa miaka 19, ana chumba, kodi amelipa, lakini mwenye nyumba anamgongea mlango usiku akidai "mazungumzo."

Tulibishana hadi taa zikazimwa. Kaka mmoja alisema, "Wa nje kwanza. Huyu mwengine ana bati juu ya kichwa." Inaonekana ni haki, si ndiyo? Lakini dada mmoja ambaye huwa haongei akamjibu, "Nyumba ambayo huwezi kufunga mlango, iko nyumba gani?" Watu walinyamaza. Mimi naona alisema kweli yote kwa maneno machache. Kitu tunacholipia kwa zile laki tisa si bati wala ukuta. Tunalipia mahali ambapo mtu anaweza kujifungia na kulala. Asiye na hapo hana nyumba, hata kama ana risiti.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa nje, na sanduku lilikuwa moja. Tuliamuaje? Tuliuliza: kuna shida ipi kati ya hizi ambayo inaweza kutatuliwa bila pesa? Msichana mmoja asiye na mtoto anaweza kulala kwa mwenzake usiku huohuo, akibanana naye kitandani hata mwezi mzima. Mama na watoto wawili hawawezi kubananishwa kwenye muzigo wa mtu mwingine bila mwenye nyumba kupiga kelele. Msichana alihamishwa usiku uleule, na begi lake tulilibeba wenyewe. Pesa zikaenda kwa mama. Mwezi uliofuata zikaenda kwa msichana. Nafasi kitandani nayo ni mkupuo, na kuna siku ina thamani kuliko shilingi.

Halafu likaja swali la pili: ni mkopo au ni zawadi? Tukisema zawadi, sanduku linakufa kwa miezi michache, na wa nane hatapata kitu. Tukisema mkopo, tunaongeza mtu mwingine wa kumgongea mlango yule ambaye ndiyo kwanza amepata mlango. Tulikubaliana neno la tatu: pesa za kupita. Zimekupitia, zinaenda kwa mwingine. Utazirudisha kidogokidogo, na humlipi aliyekupa, unamlipia anayekuja. Naona kuna tofauti kubwa moyoni mwa mtu. Anayedaiwa na mtu huvuka barabara akimwona. Anayedaiwa na mgeni ambaye hajafika bado hana wa kumkimbia.

Wasiorudisha? Wapo, tusidanganyane. Mkutano mmoja ulipendekeza tushike kitu cha mtu kama dhamana, na fundi mmoja alitaka kuacha cherehani yake. Nilipinga, na nitaendelea kupinga. Kumbukumbu la Torati inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Cherehani ya fundi ndiyo jiwe lake la kusagia. Wenzetu Waislamu wa kikundi walisema na kwao ni hivyo: mdaiwa akiwa na dhiki, asubiriwe mpaka apate nafuu. Sisi tukishika cherehani, tumemfanyia ndugu yetu kilekile alichofanyiwa mlangoni, tofauti tu sisi tunamwita ndugu. Tunauliza, tunakumbusha, tunamtembelea. Aliyeshindwa tunamsubiri. Anayeweza na hataki, anaambiwa usoni na watu wawili, si kwenye kundi la WhatsApp mbele ya mia.

Na hapo nimepata nusu ya pili ya jibu langu. Hatari ya kutojuana lazima ibebwe na mtu, haiyeyuki. Haki ni kuiweka mahali ambapo ikianguka haitamvunja mtu. Laki sita zikipotea kwa kijana mmoja, zimemvunja. Zikipotea kwa mama mjane mwenye vyumba vinne, zimemtikisa vibaya. Zikipotea kwa watu 24, ni 25,000 kwa kila mmoja. Inauma, unaruka nyama wiki chache, unaendelea. Basi mahali pa haki pa kuweka mzigo huo ni kwenye mabega mengi madogo.

Ndiyo maana siku hizi tunajaribu kitu kingine zaidi ya sanduku. Tunaenda kwa mwenye nyumba watu watatu, na karatasi. Tunamwambia: chukua mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, na kwa miezi miwili iliyobaki chukua saini ya kikundi. Akiondoka bila kulipa, tunalipa sisi, na pesa hizi hapa tumezitenga. Anatujua kwa sura, anajua tunakocheza mpira, anajua LC anatujua. Wengi wamekataa. Wachache wamekubali, na mmoja wao ni yule aina ya mama mjane niliyemtaja. Alisoma karatasi mara mbili akasema, "Kumbe nyinyi mna watu." Ndiyo. Tunajaribu kuwa mjomba wa Ggaba kwa wasio na mjomba.

Lakini kuna jambo linanisumbua bado, na naliweka mbele yenu wasomaji. Kikundi kikianza kutoa jina lake, kinaanza pia kulilinda. Tayari nasikia kwenye mikutano: "Huyu tunamjua?" "Ametoka wapi?" "Nani anamdhamini?" Ni maneno yaleyale ya mlangoni, sasa yanatoka kinywani mwetu. Juzi amekuja kijana mmoja peke yake, lugha yake hakuna anayeijua vizuri kati yetu, karatasi zake bado zinashughulikiwa, na wa kumsemea hakuna. Wengine wanasema saini yetu tumpe aliyekaa nasi miezi sita kwanza. Nawaelewa. Tukiungua mara mbili, hakuna mwenye nyumba atakayetazama karatasi yetu tena, na watakaoumia ni wengi.

Mimi nimependekeza hivi, na Jumamosi tutapiga kura. Kati ya kila saini nne, moja iwekwe kwa mtu ambaye hakuna anayemjua. Isiwe baada ya miezi sita, iwe siku anayofika. Tuhesabu mapema kwamba moja hiyo inaweza kupotea, na tuitengee pesa kama tunavyotenga za pikapu. Maana kila mmoja wa wale 24, kabla ya kuwa mwanachama anayejulikana, alikuwa na siku moja hapa Kampala ambayo angeulizwa nani anamjua, angekosa jina la kutaja.